Kubadilisha neno la siri hakumtoi aliye ndani

Wengi wenu mnajua kwamba daftari la akiba yetu liko pia ndani ya kompyuta ya zamani, chini ya meza ya katibu wetu hapa Keshero. Inatumia Linux, ambayo hailipiwi na haielemei mashine kuukuu, na umeme wake unatoka kwenye paneli ya jua. Tuliianzisha baada ya mabenki ya Goma kufungwa mwishoni mwa Januari 2025. Wenzetu walitawanyika, na mtunza sanduku akajikuta Kampala na watoto.

Kutoka huko anaingia kwa SSH, njia ya kuongoza kompyuta kutoka mbali. Tatu Ylönen wa Ufini aliitunga mwaka 1995, baada ya mtu kunasa maneno ya siri kwenye mtandao wa chuo chake. SSH inaficha kila kinachopita njiani. Lakini hailindi kiti ulichokalia.

Siku moja simu ya mtunza sanduku iliharibika. Akaenda kwenye nyumba ya fotokopi, akaandika neno la siri kwenye kompyuta ya watu, akaangalia nani ameweka akiba, akalipa, akatoka bila kufunga. Alikumbuka usiku, akatupigia simu. Tukabadilisha neno la siri palepale, tukalala kwa amani. Asubuhi katibu aliandika `w`, herufi moja tu, inayoonyesha nani yuko ndani, ameingia saa ngapi, na amekaa kimya muda gani. Jina la mtunza sanduku lilikuwa bado pale.

Hapo ndipo tulipoelewa. Neno la siri linaulizwa mlangoni. Aliyekwisha kuingia ameshafunguliwa kikao, na hakuna anayemuuliza tena hata ukibadilisha kufuli mara kumi.

Tuliandika `loginctl`, tukapata namba ya kikao, kisha `sudo loginctl terminate-session` na namba ile. Kikafa. Kama kuna aliyesoma usiku ule, hatutajua.

Pesa hazimo ndani ya mashine, ziko kwenye sanduku. Ila humo kuna majina, namba za simu, na nani amekopa kwa sababu gani. Mama mmoja kati yetu alikopa kwa matibabu ambayo nyumbani kwake hayajulikani. Tulimwendea, tukamweleza. Alinyamaza kwanza, halafu akauliza kwa nini hatukubaki na daftari la karatasi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Sasa sababu za mikopo zimerudi kwenye karatasi; mashine inabeba hesabu tu.

Na tumebadilisha mengine. Kila mwenye ruhusa anaingia kwa jina lake na kwa ufunguo wake, faili iliyo kwenye simu yake na yenye neno lake la siri. Mashine haikubali tena neno la siri peke yake: tuliweka `PasswordAuthentication no` kwenye mipangilio ya SSH. (Ukifanya hivyo, usifunge dirisha lako kabla ya kujaribu kuingia kwa dirisha la pili. Sisi tulijifungia nje, na katibu akalazimika kuazima skrini kwa jirani.) Simu ikiibiwa, tunafuta ufunguo wake, halafu tunaua vikao vyake. Ya pili ndiyo watu husahau.

Tumeweka pia `TMOUT=600`, ili asiyeandika kitu kwa dakika kumi atolewe. Lakini ukiacha daftari limefunguliwa ndani ya programu nyingine, dakika hizo hazihesabiwi. Kwa hiyo ukimaliza, funga daftari, andika `exit`, ndipo uinuke. Na anayetumia tmux ili kazi isipotee mtandao ukikatika, aangalie kwa `tmux ls` asiache moto chini ya majivu.

Ambao hamna kompyuta, jambo hili linawahusu kwenye WhatsApp pia. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta ya duka uliyoiunganisha mwezi uliopita ili uchapishe cheti cha mtoto huenda bado inasoma ujumbe wako. Iguse, uiondoe.

Jumamosi, baada ya kuweka akiba, katibu atafungua orodha ya vikao mbele ya wote. Mwenye ufunguo aje na simu yake, ikiwa na chaji.