Figo, Mifupa na Vitamini D: Utangulizi

Fani unayoingia inahusu madini ya damu na mifupa ya mtu ambaye figo zake zimedhoofika. Wanafunzi wengi huikimbia kwa sababu ya majina marefu na majibu ya maabara yanayoonekana kupingana. Lakini ukishaielewa hoja yake kuu, majibu hayo yanasomeka. Hoja yenyewe ni hii: vitamini D haijawa homoni kamili mpaka figo iikamilishe. Figo ikishindwa, dawa inaweza kushika nafasi yake. Ila figo yenye afya hujua wakati wa kuacha, na dawa haijui. Kuijulisha ni kazi yetu.

Tuanzie hapa Kampala. Mji wetu uko karibu na ikweta na jua linawaka mwaka mzima. Jua likipiga ngozi, mwili huanza kutengeneza vitamini D. Ini huibadilisha kwa mara ya kwanza, kisha figo huimalizia kuwa kalsitrioli. Mwaka 1970, David Fraser na Egon Kodicek wa Cambridge walionyesha kwamba hatua hiyo ya mwisho hufanyika kwenye figo. Hapo ikaeleweka kwa nini mgonjwa wa figo huharibika mifupa hata kama hakosi chakula wala jua. Mgonjwa anayesafishwa damu katika Hospitali ya Rufaa ya Kiruddu hatapona mifupa kwa kuambiwa aote jua. Jua analo, ila hatua ya figo ndiyo iliyokatika.

Hatua hiyo ikikatika, mambo huandamana. Kalsitrioli ikipungua, utumbo hufyonza kalisi kidogo. Wakati huohuo figo hushindwa kutoa fosfeti, nayo hujaa kwenye damu. Mifupa hujibu kwa kutoa homoni iitwayo FGF23 ili kuihimiza figo itoe fosfeti, na homoni hiyohiyo huzidi kuibana kalsitrioli. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nne za paratiroidi, kila moja kama punje ya mchele. Ivar Sandström wa Uppsala ndiye aliyezieleza katika mwili wa binadamu mwaka 1880. Zikihisi kalisi imeshuka, humwaga homoni yao, nayo huichota kalisi kutoka kwenye mifupa. Hali ikiendelea kwa miaka, tezi huvimba na kuacha kutii. Mgonjwa huumwa mifupa, huwashwa mwili, misuli hulegea, na mishipa ya damu hukakamaa kwa kalisi.

Dawa za kwanza zililenga kumrudishia mgonjwa kile alichopoteza. Kalsitrioli iliidhinishwa Marekani mwaka 1978. Alfakalsidoli nayo huhitaji kukamilishwa na ini tu, kwa hiyo huikwepa figo kabisa. Kidonge chake kidogo kina robo ya mikrogramu, kiasi ambacho jicho lisingekiona, lakini kinatosha kubadilisha damu yote. Hatari iko papo hapo: dawa hizi huituliza tezi, huku zikiusukuma utumbo ufyonze kalisi na fosfeti zaidi. Wanakemia wakatafuta umbo litakaloibana tezi bila kuuchochea utumbo kiasi hicho. Parikalsitoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ni tunda la juhudi hiyo. Ni kalsitrioli iliyoondolewa atomu moja ya kaboni na kupewa mkia wa vitamini D2.

Je, ni bora kuliko zile za zamani? Hapa wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2003 uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa 67,399 wa Marekani ulionyesha vifo vichache zaidi kwa waliopata parikalsitoli kuliko waliopata kalsitrioli. Lakini kumbukumbu si majaribio, kwani huenda waliopewa dawa mpya walikuwa na hali nafuu tangu mwanzo. Jaribio la PRIMO la mwaka 2012 halikuona parikalsitoli ikipunguza unene wa misuli ya moyo. Jaribio la J-DAVID la Japani, mwaka 2018, halikuona alfakalsidoli ikizuia maradhi ya moyo kwa wanaosafishwa damu. Mwaka 2017 jopo la kimataifa la KDIGO likashauri dawa hizi zisitolewe kwa mazoea kwa mgonjwa ambaye hajaanza kusafishwa damu.

Sasa shika karatasi ya maabara, ya mgonjwa wa mfano anayesafishwa damu: kalisi 2.0 mmol/L, fosfeti 2.4 mmol/L, homoni ya paratiroidi 900 pg/mL. Mkono unataka kuandika alfakalsidoli mara moja. Subiri. Fosfeti iko juu mno, na dawa itaipandisha zaidi. Kwanza muulize anakula nini. Mukene, yaani dagaa, huliwa pamoja na mifupa yake, nayo imejaa fosfeti. Soda nyeusi nazo zina fosfeti ya kiwandani inayofyonzwa upesi. Muulize pia vidonge vya kalisi kaboneti anavimeza saa ngapi. Vikimezwa pamoja na chakula hunasa fosfeti tumboni, vikimezwa kabla ya kulala haviifikii. Fosfeti ikishuka, anza dawa kwa dozi ndogo, ukilenga homoni iwe kati ya mara mbili na mara tisa ya kikomo cha juu cha kawaida. Usilenge kuifuta, kwa sababu mfupa usioguswa kabisa na homoni hiyo hulala na kuacha kujijenga.

Tiba kamili zaidi ni figo mpya, inayotengeneza kalsitrioli yake yenyewe. Uganda ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Desemba 2023 katika Hospitali ya Mulago. Hata hivyo tezi iliyokwisha kuvimba inaweza kuendelea kuasi baada ya upandikizaji, kwa hiyo kuilinda mapema hakukwepeki.

Ndugu msomaji, soma fani hii kwa bidii, maana wagonjwa wanaoihitaji wanaongezeka na wanaoijua ni wachache. Na kila unapoandika dawa ya jamii ya vitamini D, andika pembeni yake kalisi ya leo, fosfeti ya leo, na tarehe ya kupima tena.