Uniti zinakwenda wapi? Jinsi ya kuanza kupima matumizi ya umeme nyumbani

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa mijini wanaotumia mita za LUKU hujua kwa uhakika ni fedha kiasi gani wamenunulia umeme, lakini ni wachache wanaoweza kueleza umeme huo ulitumika katika kazi gani. Uniti zinapokwisha kabla ya wakati, lawama huelekezwa kwa mita, kwa watoto waliosahau kuzima taa, au kwa mpangaji wa chumba cha pili anayemiliki redio kubwa.

Lawama hizo mara nyingi hazina ushahidi. Hata hivyo, vipo vifaa vya kupima matumizi ya umeme wa nyumbani ambavyo vinaweza kumaliza ubishi huo, na kimojawapo tayari kimefungwa katika ukuta wa kila mteja. Makala haya yanaeleza namna ya kuanza, hatua kwa hatua, na mambo ya kujihadhari nayo.

Uniti ni nini

Uniti moja ya umeme ni kilowati moja inayotumika kwa saa moja. Kifaa chenye nguvu ya wati 1,000 kikifanya kazi mfululizo kwa saa moja hutumia uniti moja. Balbu ya wati 10 itahitaji saa 100 ili kumaliza uniti hiyo hiyo.

Kwa hiyo mambo mawili ndiyo yanayoamua matumizi: ukubwa wa nguvu ya kifaa na muda kinaotumika. Kuangalia jambo moja na kusahau la pili ndiko kunakowapotosha watu wengi.

Ni vyema pia mteja ajizoeze kuhesabu kwa uniti badala ya shilingi. Fedha inayolipwa kupitia LUKU hukatwa kodi na tozo mbalimbali, na tangu Agosti 2021 wamiliki wa nyumba hukatwa pia kodi ya majengo kwa njia hiyo. Mtu anayelinganisha miezi miwili kwa shilingi peke yake anaweza kudhani matumizi yamepanda, kumbe kilichobadilika ni makato.

Kwa nini kupima kuna maana

Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa kundi la matumizi madogo, yaani D1, alitozwa Sh. 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Sh. 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo. Mteja wa kawaida wa kundi la T1 alitozwa Sh. 292 kwa uniti. Juu ya bei hizo huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani pamoja na tozo za REA na EWURA, ambazo kwa viwango vya mwaka huo zilifikia jumla ya asilimia 22.

Kwa hesabu hiyo, uniti 75 zilimgharimu mteja wa D1 Sh. 9,150. Mteja wa T1 alilipa Sh. 26,718 kwa uniti hizo hizo. Na mteja wa D1 aliyezidisha uniti 10 tu alilipa Sh. 4,270 nyingine, karibu nusu ya gharama ya uniti zote 75 za mwanzo.

Uniti 75 kwa mwezi wa siku 30 ni uniti mbili na nusu kwa siku. Familia inayotaka kubaki ndani ya kiwango hicho haina budi kujua kila siku imesimama wapi. Bei hubadilika kwa nyakati, hivyo kila mteja aangalie risiti yake ya karibuni ili ajue yuko katika kundi gani na analipa kiasi gani.

Hatua ya kwanza: Anza na mita yako

Kabla ya kununua kifaa chochote, chukua daftari na kalamu. Kila siku kwa saa ile ile, tuseme saa 1 asubuhi, soma uniti zilizobaki kwenye LUKU na uziandike. Kama umeongeza umeme katikati, ziandike pia uniti ulizonunua.

Hesabu yake ni rahisi: uniti za jana, jumlisha ulizonunua, toa zilizopo leo. Kwa mfano, kama Jumatatu mita ilionyesha 32.4 na Jumanne ikaonyesha 28.1, familia imetumia uniti 4.3. Kama siku hiyo hiyo ya Jumanne waliongeza uniti 28 na Jumatano mita ikasoma 52.6, basi wametumia uniti 3.5.

Baada ya wiki moja utaona sura ya nyumba yako. Pengine Jumamosi, siku ya kufua na kupiga pasi, ndiyo inayokula zaidi. Pengine siku zote zinalingana, jambo linaloashiria kwamba mlaji mkubwa ni kifaa kisichozimwa, kama vile friji.

Fanya pia jaribio la usiku. Soma mita wakati wa kulala na uisome tena unapoamka, kabla mtu yeyote hajawasha kitu. Ikiwa uniti 1.2 zimetumika katika saa nane za usingizi, nyumba hiyo inakula wastani wa wati 150 wakati watu wote wamelala. Hapo ndipo pa kuanzia uchunguzi.

Kutumia taa inayomweka

Mita nyingi zina taa ndogo, aghalabu nyekundu, inayomweka kila umeme unapotumika. Pembeni yake huandikwa idadi ya mimweko kwa kila kilowati-saa, kwa mfano 800, 1,000 au 1,600.

Kwa mita yenye mimweko 1,000 kwa uniti, gawanya 3,600 kwa idadi ya sekunde kati ya mmweko mmoja na mwingine. Jibu ni wati zinazotumika wakati huo. Taa ikimweka kila baada ya sekunde 36, nyumba inatumia wati 100. Ikimweka kila baada ya sekunde 2, inatumia wati 1,800. Kwa mita ya mimweko 1,600, gawanya 2,250. Kwa ile ya 800, gawanya 4,500.

Kwa njia hii unaweza kupima kifaa kimoja bila gharama yoyote. Zima vitu vyote, washa kimoja, kisha hesabu sekunde kwa saa ya mkononi.

Hatua ya pili: Kipimo cha kuchomeka kwenye soketi

Kifaa hiki ni kidogo, kina kioo mbele na plagi nyuma. Huchomekwa kwenye soketi, kisha friji, televisheni au pasi ikachomekwa juu yake. Kioo huonyesha wati, volti, ampia na jumla ya uniti zilizotumika tangu kilipowekwa.

Anayenunua ahakikishe kwamba kimetengenezwa kwa umeme wa volti 230 na kwamba plagi yake inalingana na soketi za nyumbani. Aidha, kwa soketi ya ampia 13, mzigo usizidi takriban wati 3,000. Hita ya maji ya bafuni na jiko kubwa la umeme haviruhusiwi kupitishwa katika kipimo hiki; vitakiunguza.

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kutazama wati za friji kwa dakika moja na kudhani wamekwisha kupata jibu. Friji huwaka na kupumzika. Inapowaka inaweza kuonyesha wati 120, na inapopumzika karibu sifuri. Iache kwenye kipimo kwa saa 24 kamili, siku ya kawaida ambayo watu wanafungua mlango kama ilivyo desturi, kisha usome uniti. Rudia baada ya kusafisha mpira wa mlango na kuisogeza mbali na ukuta, uone tofauti.

Pasi nayo ina tabia hiyo hiyo. Pasi ya wati 1,200 haitumii uniti 1.2 kwa saa, kwa sababu hujizima kila inapofikia joto lililopangwa. Ni kipimo pekee kitakachosema ukweli wake.

Hatua ya tatu: Kipimo cha nyumba nzima

Aina ya tatu ni kipimo chenye koleo dogo linalobana waya mkuu unaotoka kwenye mita, bila kuukata. Taarifa hupelekwa kwenye kioo kilichowekwa sebuleni au kwenye simu ya mkononi. Mwenye nyumba huona papo hapo wati zinavyopanda birika la umeme linapowashwa.

Koleo hilo lazima libane waya wenye moto peke yake. Likibana waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja halitasoma kitu, kwa kuwa mikondo ya nyaya hizo huenda pande tofauti na kufutana. Nyumba yenye fezi tatu huhitaji makoleo matatu.

Vipimo vya bei nafuu vya aina hii hupima mkondo tu na kukisia volti. Katika maeneo ambako umeme hupungua nguvu nyakati za jioni, au katika nyumba yenye mota nyingi kama za friji na pampu ya maji, makadirio hayo huwa si sahihi. Vilinganishe na LUKU kwa siku chache kabla ya kuviamini.

Kazi ya kufunga koleo si ya mtu asiye na ujuzi. Hata swichi kuu ikizimwa, nyaya zinazotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita hubaki na umeme unaoweza kuua. Itwe kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Mita yenyewe na lakiri zake zisiguswe kabisa. Kuichezea mita ni kosa chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008.

Walaji wakubwa ni wepi

Wanaopima kwa mara ya kwanza hushangazwa na matokeo. Chaja ya simu ya wati 5 ikiachwa usiku kucha kwa saa nane hutumia uniti 0.04, ambayo kwa mwezi mzima ni kiasi cha uniti 1.2 tu.

Linganisha na hita ya bafuni inayopasha maji papo hapo. Yenye wati 4,500 ikitumika kwa dakika 10 hula uniti 0.75. Watu wanne wakioga mara moja kwa siku, hizo ni uniti tatu kwa siku na uniti 90 kwa mwezi. Hita peke yake imevuka kiwango cha uniti 75 kabla taa hata moja haijawashwa.

Kanuni ni nyepesi: kitu chochote kinachotengeneza joto, kama vile hita, jiko, birika na pasi, ni mlaji mkubwa. Hufuata vinavyotengeneza baridi, yaani kiyoyozi na friji. Televisheni, redio, king'amuzi na taa hufuata nyuma, isipokuwa taa zikiwa za zamani. Balbu nne za wati 60 zinazowaka saa tano kila jioni zikibadilishwa kwa balbu za LED za wati 9, familia huokoa takriban uniti moja kwa siku.

Wapangaji wanaochangia mita moja

Pengine faida kubwa ya vipimo hivi iko katika nyumba za vyumba vingi, ambako familia kadhaa huchangia LUKU moja. Huko ugomvi wa umeme umeharibu ujirani wa miaka mingi. Mwenye friji huona anaonewa akichangishwa zaidi; asiye nayo huona anambebea mwenzake mzigo.

Njia ya haki ni wote wakubaliane kupima. Kipimo kimoja cha kuchomeka kinaweza kuzungushwa chumba hadi chumba, kila kifaa kikapimwa kwa saa 24 mbele ya mwenyewe, na matokeo yakaandikwa kwenye daftari la nyumba. Kama ipo nafasi ya gharama, fundi afunge mita ndogo kwa kila chumba. Jumla ya mita hizo ikilinganishwa na LUKU, tofauti inayobaki ni taa za ukumbini, nje na chooni, ambazo hugawanywa sawa kwa wote.

Tahadhari dhidi ya vijisanduku vya 'kupunguza umeme'

Madukani huuzwa vijisanduku vinavyochomekwa kwenye soketi kwa madai kwamba hupunguza matumizi kwa kiwango kikubwa. Mteja asivichanganye na vipimo. Vingi ndani yake vina kapasita, na mita ya nyumbani hutoza uniti za nguvu halisi ambazo kapasita haizipunguzi. Anayetaka kuhakikisha achukue daftari lake: asome LUKU wiki moja bila kijisanduku na wiki moja akiwa nacho.

Kipimo hakiokoi umeme chenyewe

Mwaka 2006, mtafiti Sarah Darby wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, alipitia tafiti nyingi za suala hili na kueleza kwamba familia zinazoona matumizi yao papo hapo huokoa kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 15. Akiba hiyo hutokana na watu kubadili mwenendo baada ya kuona.

Kwa sababu hiyo, matokeo ya kipimo yasibaki kwa baba au mama peke yake. Yabandikwe mahali ambapo kila mwanafamilia, na msaidizi wa kazi za nyumbani, atayaona. Chagueni kifaa kimoja kwa mwezi, punguzeni muda wake, kisha someni LUKU mwezi unaofuata. Haba na haba hujaza kibaba, na uniti nazo hupotea kwa njia hiyo hiyo.