Usalama wa Kubadili Silinda za Rivolva: Kutosha kwa Risasi si Ithibati ya Uimara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua hatari zinazotokana na kubadili silinda ya rivolva ili itumie risasi ambayo haikukusudiwa. Mifano mitatu imechunguzwa: rivolva za Webley za Uingereza zilizobadilishwa nchini Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, rivolva za Victory za Smith & Wesson, na rivolva za Modeli 1917. Hoja kuu ni kwamba kutosha kwa risasi ndani ya chemba ni kipimo cha umbo tu. Uwezo wa silinda kuhimili kanieneo ya risasi hiyo ni suala jingine, nalo haliwezi kuthibitishwa kwa macho wala kwa kufyatua risasi chache bila madhara.

1.0 Utangulizi

Rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa katika chemba za silinda inayozunguka nyuma ya mtutu. Katika bastola nyingi za aina nyingine, chemba ni sehemu ya mtutu wenyewe. Katika rivolva, chemba, ambazo mara nyingi ni sita, hutobolewa ndani ya kipande kimoja cha feleji na kutenganishwa na kuta nyembamba. Katika makala haya, neno "risasi" linamaanisha kifaa kizima, yaani ganda, kiwashio, baruti na kichwa. Neno "kichwa" linamaanisha sehemu inayotoka mtutuni.

Baada ya 1945, silaha nyingi za ziada za majeshi ziliuzwa kwa raia kwa bei nafuu. Nchini Marekani, risasi za Kiingereza zilikuwa adimu, ilhali risasi za .45 ACP na .38 Special zilipatikana kwa urahisi. Ikaonekana rahisi kuibadili silaha ifuate risasi iliyopo dukani. Suala hili halijapitwa na wakati, kwa kuwa silaha hizo zingali mikononi mwa wakusanyaji na warithi, na baadhi yao hawajui kwamba zilibadilishwa.

2.0 Mkazo katika Ukuta wa Chemba

Baruti inapoungua, gesi husukuma pande zote. Kichwa husonga mbele, ganda husukumwa nyuma, na ukuta wa chemba husukumwa nje. Mkazo unaojaribu kuupasua ukuta huongezeka kadiri kanieneo inavyopanda na kadiri ukuta unavyokuwa mwembamba. Kwa hiyo, kubadili risasi kunaweza kuleta madhara kwa njia mbili kwa wakati mmoja: kuongeza kanieneo, na kupunguza feleji iliyopo pale ambapo chemba imepanuliwa.

Aidha, nje ya silinda huchongwa vijishimo ambavyo kizuio huingia ili kuilinganisha chemba na mtutu. Katika rivolva nyingi za chemba sita, kijishimo hicho huangukia juu ya chemba, mahali ambapo ukuta tayari ni mwembamba. Sehemu hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote.

Jambo la tatu ni uchovu wa metali. Feleji inayopata mkazo mkubwa mara kwa mara hufanya nyufa ndogo zisizoonekana, nazo hukua kwa kila mfyatuo. Silinda inaweza kustahimili mara nyingi kisha ikapasuka ghafla. Kauli ya kawaida ya mwenye silaha, kwamba amekwisha kuitumia na haijamdhuru, haina uzito wa ushahidi, kwani kila mfyatuo uliopita huenda umelipunguza tumaini la ule unaofuata.

3.0 Webley: Risasi ya Kawaida Iliyozidi Kipimo cha Majaribio

Webley ilianza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1887, na toleo la Mark VI lilipokewa mwaka 1915. Fremu yake hufunguka kwa bawaba, na juu huzuiwa na komeo. Risasi yake ya .455 ilibuniwa kwa kasi ndogo na kichwa kizito, na kanieneo yake ya juu ni takriban pauni 13,000 kwa inchi ya mraba. Kikomo cha .45 ACP kwa viwango vya Marekani ni pauni 21,000. Ingawa mbinu za upimaji hazikuwa sawa nyakati zote, tofauti hii ni kubwa mno kupuuzwa.

Sehemu ya nyuma ya silinda nyingi ilipunguzwa ili risasi za .45 ACP, zilizoshikwa na klipu za nusu mwezi, zipate nafasi. Risasi zikaingia, silinda ikazunguka, na silaha ikafyatuka. Hata hivyo, kwa kanuni za Ulaya, risasi ya kujaribia uimara wa bastola huwa na kanieneo inayozidi ile ya kawaida kwa asilimia 30. Kwa .455, hesabu hiyo hutoa takriban pauni 16,900. Risasi ya .45 ACP ya kawaida inaweza kuvuka kiwango hicho. Kwa maneno mengine, mtumiaji wa Webley iliyobadilishwa anaweza kuwa anafanya jaribio la uimara kwa kila mfyatuo, tena akiwa ameishika silaha mkononi. Jaribio la aina hiyo hukusudiwa kufanywa mara chache, kwa udhibiti, na mbali na mwili wa mtu.

Madhara hayaishii kwenye silinda. Bawaba na komeo nazo hubeba mzigo usio wao na huweza kulegea. Vilevile, kichwa cha .455 Mark II kilitengenezwa kwa madini laini ya risasi, ilhali kichwa cha kijeshi cha .45 ACP kimevikwa metali ngumu zaidi, ambayo haikubali kubanwa kwa urahisi ule ule.

4.0 Victory: Pale Ganda Linapokosa Tegemeo

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Smith & Wesson iliipatia Uingereza na washirika wake zaidi ya rivolva 500,000 za risasi ya .38/200, ambayo vipimo vyake ni vya .38 S&W. Baada ya vita, nyingi zilirefushiwa chemba ili zipokee .38 Special.

Hapa tofauti ya kanieneo ni ndogo kuliko katika Webley. Tatizo liko katika umbo. Ganda la .38 S&W ni fupi lakini ni nene zaidi: kipenyo chake karibu na kitako ni takriban milimita 9.8, ilhali cha .38 Special ni takriban milimita 9.6. Kurefusha chemba hakuwezi kurudisha feleji iliyokwisha kuondolewa nyuma. Ganda jembamba, likikosa tegemeo, hutanuka, na wakati mwingine hupasuka na kuachia gesi ya moto. Pia kichwa cha .38 Special ni chembamba kidogo kuliko mtutu uliokusudiwa, hivyo shabaha hupungua.

Mfano huu unaonyesha kwamba hata pale silinda inapokuwa imara, ganda laweza kuwa kiungo dhaifu.

5.0 Modeli 1917: Badiliko Lililofanywa Kabla ya Kuunda

Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, bastola za .45 hazikutosha. Colt na Smith & Wesson zikatengeneza kwa jumla zaidi ya rivolva 300,000 za Modeli 1917, zinazotumia .45 ACP kwa klipu za nusu mwezi, yaani mbinu ile ile iliyotumika baadaye katika Webley. Tofauti ni kwamba silinda hizi ziliundwa kwa risasi hiyo tangu mwanzo. Kwa hiyo, klipu yenyewe haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuihamishia kwenye silinda iliyokadiriwa kwa mzigo mwingine.

6.0 Chapa ya Uthibitisho na Mipaka Yake

Nchini Uingereza, silaha hujaribiwa na kupigwa chapa katika nyumba za uthibitisho za London na Birmingham. Ile ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Marekani haina uthibitisho wa lazima wa aina hiyo, na viwango vyake husimamiwa na wenye viwanda wenyewe. Webley iliyobadilishwa baada ya kufika Marekani iliendelea kubeba chapa ya Kiingereza. Chapa hiyo ilikuwa ya kweli ilipopigwa, lakini ilithibitisha silinda nzima kwa risasi ya .455. Silinda iliyopunguzwa haimo katika ushuhuda huo.

7.0 Hitimisho

Mifano iliyojadiliwa inaonyesha njia mbili za kushindwa: ukuta wa chemba kuzidiwa na kanieneo, na ganda kukosa tegemeo. Zote mbili hujificha nyuma ya dalili moja ya kupotosha, nayo ni kwamba risasi inatosha. Makala haya yanapendekeza kwamba mtu anayerithi au kununua rivolva ya kijeshi ya zamani asiijaze risasi kabla haijachunguzwa na fundi wa silaha mwenye sifa. Rivolva iliyobainika kubadilishwa ihifadhiwe kama kumbukumbu ya historia, isifyatuliwe. Anayesimama karibu na mfyatuaji hakushiriki katika uamuzi wa kuibadili silaha, lakini kipande cha silinda iliyopasuka hakimbagui.