Chumvi Ndani ya Seli Moja

Katika mikoko ya Lamu au ya delta ya Rufiji, mlilana ndio unaotangulia baharini. Mikandaa hubaki nyuma. Mlilana husimama ukingoni, na maji yakijaa hulizamisha shina lake. Mafundi wa majahazi huutafuta kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo. Wanabiolojia wana swali jingine: uvumilivu wake wa chumvi ni kazi ya mti mzima, au umo ndani ya kila seli?

Watafiti wa Japani walizitenga seli zake, wakazikuza chupani katika maji yenye sukari, madini na homoni. Chumvi ya kadiri ilipoongezwa, zilikua vizuri kuliko bila chumvi. Seli za tumbaku zilizolinganishwa nazo zilidumaa.

Mpika achari anaijua nusu ya sababu: limau likitiwa chumvi hutoa maji. Seli nayo hunyonywa vivyo hivyo, na sodiamu ikishapenya huvuruga vimeng'enya.

Hata hivyo tumbaku inafundishika. Miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kundi la Ray Bressan na Paul Hasegawa lilizizoesha seli za tumbaku hatua kwa hatua, hadi zikaishi kwenye gramu 25 za chumvi kwa lita. Maji ya bahari yana takriban 35. Seli hizo zilibaki ndogo. Zilirundika prolini, asidi amino inayoshikilia maji bila kudhuru, na zikatengeneza kwa wingi protini iliyopewa jina la osmotini. Ajabu ni kwamba osmotini ina undugu na thaumatini, protini ya tunda la Afrika Magharibi iliyo tamu kuliko sukari. Chumvi na utamu, ukoo mmoja!

Ila kazi kubwa ilifanyika ghalani. Sodiamu haikufukuzwa yote. Nyingi ilifungiwa katika vakuoli, kifuko cha maji kinachojaza sehemu kubwa ya seli, mbali na vimeng'enya. Mimea ya pwani hutumia mbinu hiyo hiyo, kwani vimeng'enya vyake kwa kawaida si sugu kuliko vya maharage.

Chupa, lakini, haionyeshi kila kitu. Mchu, jirani wa mlilana, hutoa chumvi kupitia tezi za majani. Jua likikausha unyevu hubaki punje nyeupe, na anayelamba jani huionja. Seli ya mchu iliyo chupani haina jani wala tezi.