Figo ya Mjomba, Figo ya Baba

Katika familia nyingi za Mtwara, kuanzia Shangani hadi vijiji vya mdomo wa Mto Ruvuma, mtu akiambiwa hospitali kwamba figo zake zimekwisha, habari hupelekwa kwenye kikao cha ukoo. Na kwa Wamakonde, kama kwa Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo ni wa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti. Baba, hata awe mlezi mwema namna gani, ni wa ukoo mwingine. Kikao hicho kina uzito mkubwa katika tiba hii, kwa kuwa upandikizaji wa figo nchini umeegemea ndugu walio hai. Asiye na ndugu aliye tayari, ambaye damu yake inapatana na ya mgonjwa, hana foleni ya kujiandikisha.

Mwili, lakini, hauhesabu ukoo kwa desturi hiyo. Juu ya seli zetu kuna alama zinazokaguliwa na kinga ya mwili, kama vile mlinzi wa bandarini anavyokagua vitambulisho ili amjue mwenyeji na mgeni. Maelekezo ya kuzitengeneza yamo katika kromosomu ya 6, nasi huyarithi kwa mafungu mawili: moja la baba, moja la mama. Kwa hiyo baba mzazi siku zote analingana na mwanawe kwa nusu. Mjomba je? Uwezekano wa kuwa na fungu lile lile ambalo mpwa wake amelirithi kwa mama ni asilimia 50: huenda analo, huenda hana kabisa. Ndugu wa tumbo moja na baba mmoja wana uwezekano wa robo kulingana kikamilifu, nusu kulingana kwa fungu moja, na robo kutolingana kwa lolote. Mtoto wa mama mkubwa, aliyemo ndani ya ukoo, na mtoto wa baba mdogo, anayehesabiwa nje, wana nafasi sawa mbele ya maabara.

Ukoo wa mama umetunza watu wa kusini kwa vizazi vingi, na bila neno la mjomba huenda mchangiaji asipatikane. Ninachotaka ni utafutaji usiishie kwake. Wa upande wa baba waitwe mapema, kabla mgonjwa hajadhoofika. Tena, tangu dawa ya siklosporini ilipoenea miaka ya 1980, si lazima alama zote zilingane. Kundi la damu likikubali, dawa za kutuliza kinga hufanya kazi kubwa iliyobaki, na mgonjwa huzimeza kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi.

Safari ya tiba hii ilianza Boston tarehe 23 Desemba 1954, pale Joseph Murray na wenzake walipohamisha figo kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake wa kufanana. Kwetu ilifika Novemba 2017, Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza ikisaidiana na madaktari wa India. Mwaka 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikishirikiana na Wajapani. Hospitali hiyo ina jina la mtoto wa Lupaso, Masasi, mkoa huu huu wa Mtwara. Lakini kutoka Shangani hadi mlangoni pake, kwa njia ya Dar es Salaam, ni takriban kilomita 1,000.

Hapo ndipo haki inapoanza kupimwa. Wengi hudhani ugawaji wa haki ni suala la nani awe wa kwanza kwenye orodha. Kwetu mchujo unatangulia orodha: nani alipimwa presha na kisukari mapema, nani anamudu kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, nani ana ndugu anayeweza kuacha mashua au shamba la korosho kwa wiki kadhaa. Duniani kote, wanawake ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaochangia figo wakiwa hai, na wanaume ndio wengi miongoni mwa wanaopokea. Kikao kinapomgeukia dada kwanza, lazima awepo daktari wa kumuuliza faraghani kama kweli ameridhia.

Sharti la mchangiaji kuwa ndugu wa mgonjwa lina sababu nzito: linazuia figo kuwa bidhaa. Mwaka 2025 Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret kufuatia tuhuma za biashara ya viungo. Hata hivyo sharti hilo linawafungia nje waliokosa ndugu. Njia ya kuwafungulia ni figo za waliofariki, na inahitaji sheria, wodi za uangalizi maalumu, na kuaminiana. Hili la mwisho ndilo gumu. Hofu ya mumiani haikuzaliwa jana katika pwani yetu. Oktoba 2016 watafiti wa udongo waliuawa kijijini Dodoma kwa kudhaniwa wanyonya damu. Na watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa nchini humu. Anayesita kusikia habari ya kutoa kiungo cha maiti ana sababu ya kusita, na hastahili kubezwa.

Dini haikulifunga jambo hili. Februari 1988, mjini Jeddah, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu liliruhusu kiungo cha maiti kumwokoa aliye hai, kwa ridhaa ya marehemu alipokuwa hai au ya warithi wake, na likakataza kukiuza. Warithi katika sheria ya Kiislamu hawapangwi kama ukoo wa Kimakonde. Sheria yetu ikitungwa, itabidi iseme wazi ni nani atakayeulizwa usiku wa kifo pale Hospitali ya Ligula, Mtwara: mjane, baba, au mjomba. Na kabla yao wote, itabidi impe kila mtu mahali pa kuandika jibu lake mwenyewe akiwa mzima.