Tuyajaribu Madaftari ya Mwandiko Kabla ya Kuyachapa

Ndugu mfanyakazi, siku ya mshahara ni siku ya furaha, lakini kwa mwenzetu asiyejua kuandika ni siku ya kutia kidole gumba kwenye wino. Anaweka alama juu ya karatasi asiyoweza kuisoma, na saa zake za ziada zikipunjwa hana la kusema. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi, pamoja na hesabu ya mshahara na makato. Haki hiyo imo ndani ya karatasi. Asiyesoma huipokea akiwa amefumba macho.

Kisomo cha watu wazima si jambo geni kwetu. Serikali ya Uganda ilianza mpango wa kisomo chenye manufaa mwaka 1992. Kwa jirani zetu Tanzania, majaribio ya Mwanza ya mwaka 1968 hadi 1972 yalitumia vitabu vilivyohusu kazi za wananchi wenyewe, kama vile pamba, ndizi na uvuvi.

Tawi likitaka daftari lake la mwandiko, wapiga chapa wamejaa Nasser Road, Kampala. Lakini fedha ni za wanachama, na madaftari 500 yakishachapwa vibaya hayarudishwi. Kwa hiyo tudai sampuli kwanza, iliyochapwa kwa karatasi na wino ule ule utakaotumika, kisha tuikague hivi:

Kwanza, karatasi. Andika kwa kalamu ya risasi, futa kwa raba, andika tena mahali pale pale. Karatasi ikichanika au ikitoa manyoya, haifai. Andika pia kwa kalamu ya wino, halafu geuza ukurasa. Wino ukipenya, mwanafunzi atapoteza upande wa pili.

Pili, herufi. Mashine nyingi huchapa herufi "a" yenye kikono juu, ambayo mtu haiandiki kwa mkono. Chagueni ile ya duara na mkia. Kama daftari ni la Kiganda, tazameni herufi ŋ, iliyomo katika maandishi sanifu ya lugha hiyo tangu mwaka 1947. Mashine isiyo nayo huacha kisanduku kitupu au alama nyingine.

Tatu, mistari na nukta. Mkono uliozoea panga la miwa au mtambo wa kiwanda huanza na herufi kubwa. Mistari iliyobanana huukatisha tamaa. Nukta za kufuatisha ziwe hafifu, ili maandishi ya mwanafunzi yaonekane juu yake, lakini zisipotee chini ya mwanga wa taa usiku.

Nne, ufungaji. Daftari lilale wazi juu ya meza bila kushikiliwa. Likifungwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4.

Baada ya hapo, sampuli iende kwa wenyewe. Wapeni wanafunzi watano baada ya zamu, kisha kaeni kimya mtazame. Anasita wapi? Anaanzia herufi upande gani? Msimsahau anayetumia mkono wa kushoto: mfano ukichapwa mwanzo wa mstari tu, mkono wake huufunika. Afadhali mfano uwekwe juu ya mstari au pande zote mbili.

Makosa yakisahihishwa, ombeni sampuli ya pili. Ikiridhisha, katibu aitie sahihi na tarehe, nakala moja ibaki kwa mpiga chapa na moja ofisini kwa tawi. Kazi ikija tofauti, ushahidi mnao.

Ndugu, gharama ya sampuli mbili ni ndogo. Mtu mzima aliyeshindwa na daftari bovu hudhani kichwa chake ndicho kibovu, na harudi darasani. Lakini aliyejifunza kuandika jina lake ataanza kusoma kilicho juu ya jina hilo, na mwisho wa mwezi ataiuliza hesabu yake.