Mtoto aliyeanza kuongea kwa kutaja jina la ndege

Juni 1963, Kenzaburo Oe alikuwa na umri wa miaka 28 na tayari ni mwandishi mwenye jina Japan. Mwezi huo mkewe, Yukari, alijifungua mtoto wao wa kwanza, wa kiume. Kichwani mwa mtoto kulikuwa na uvimbe mkubwa: sehemu ya ubongo ilikuwa imetoka nje kupitia tundu kwenye fuvu.

Madaktari hawakuwaficha wazazi. Asipofanyiwa upasuaji atakufa. Akifanyiwa, huenda akaishi na ulemavu mkubwa maisha yake yote.

Oe hakuwa shujaa katika siku hizo, na mwenyewe hakuwahi kujifanya hivyo. Mtoto akiwa bado hospitalini, alisafiri kwenda Hiroshima kuandika habari za watu walionusurika bomu la atomiki la 1945. Huko alikutana na Dk Fumio Shigeto, aliyekuwa mjini humo siku ya bomu na ambaye kwa miaka mingi aliongoza hospitali iliyowatibu waathirika. Shigeto na wenzake waliwatibu watu kwa maradhi ambayo hakuna kitabu cha udaktari kilichokuwa kimeyaeleza. Hawakujua dawa, lakini kila asubuhi waliingia wodini. Oe alirudi Tokyo, na mtoto akafanyiwa upasuaji.

Mwaka uliofuata alitoa riwaya inayojulikana kwa Kiingereza kama A Personal Matter. Ndani yake kuna baba kijana anayekimbia hospitali, anakunywa pombe na kusubiri kwa siri apigiwe simu kwamba mtoto amefariki. Si kitabu chepesi kwa mzazi. Lakini baba wengi waliowahi kusimama kwenye korido ya wodi ya watoto wachanga, wakitamani kuwa mahali pengine popote, watamtambua mtu huyo.

Hata kumpa mtoto jina kulikuwa na kisa chake. Oe alikuwa amesoma simulizi ya kunguru aliyekuwa gizani akihangaika kutafuta chakula, akatamani mwanga, na dunia ikaangaza. Alimwambia mama yake kuwa mjukuu ataitwa Karasu, yaani Kunguru. Bibi alikasirika. Kesho yake Oe akarudi kuomba radhi na kusema jina ni Hikari, maana yake Nuru.

Tatizo alilozaliwa nalo Hikari liko katika kundi moja na mgongo wazi, ambao wazazi wengi wa hapa nchini wanaufahamu. Hutokea wiki nne za mwanzo za ujauzito, mara nyingi kabla mama hajajua kama ana mimba. Ndiyo maana wanawake wanaotarajia kushika mimba hushauriwa kutumia mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku tangu mapema, bila kusubiri siku ya kwanza ya kliniki. Vidonge hivyo hupunguza hatari, haviiondoi yote, na mama ambaye mtoto wake amezaliwa hivyo hana sababu ya kunyooshewa kidole na mawifi.

Hikari aliishi. Macho yake yalikuwa na shida, alipata kifafa, na miaka ikapita bila kusema neno. Ukimwita hageuki. Kitu pekee kilichomfanya atulie na kusikiliza kilikuwa sauti za ndege.

Wazazi wake wakashika hapo hapo. Walimtafutia rekodi ya milio ya ndege: ndege analia, kisha mtangazaji anataja jina lake kwa sauti kavu, halafu anafuata mwingine. Rekodi hiyo ilichezwa nyumbani siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Fikiria kuosha vyombo, kula na kuandika riwaya ukisikia milio ile ile kila siku.

Hikari alipokuwa na miaka sita hivi, familia ilikuwa kwenye nyumba yao ya mapumziko milimani. Oe alikuwa amembeba mabegani wakitembea karibu na msitu na ziwa. Ndege akalia. Juu ya kichwa cha baba ikasikika sauti tulivu ya mtangazaji: huyo ni kuina. Kuina ni ndege anayeishi kando ya maji.

Oe alidhani masikio yake yanamdanganya. Akasimama pale pale, bila kusogea, akiomba ndege alie tena. Zilipita kama dakika tano. Ndege akalia mara ya pili, na mtoto akarudia maneno yale yale.

Tangu hapo baba na mwana wakaanza kuzungumza kwa njia ya ndege. Ilibainika kuwa Hikari alikuwa ameshika milio ya aina takribani 70. Kutoka kwa ndege akahamia kwa Mozart na Bach. Akiwa na miaka 11 alianza kufundishwa piano, na kwa kuwa vidole havikuwa vyepesi, mwalimu wake alimwelekeza kwenye kutunga na kuandika muziki. Kijana ambaye mazungumzo yake yalibaki machache na mafupi alikuwa akijaza karatasi kwa nota.

Oe hakuwa na chumba cha kujifungia ili aandike. Alifanya kazi sebuleni, Hikari akiwa pembeni, mara nyingi amelala sakafuni akisikiliza muziki au akiandika wa kwake. Watoto wengine wawili walizaliwa na kukulia katika nyumba hiyo hiyo, redio ikiwa wazi.

Albamu ya kwanza ya Hikari ilitoka 1992 na kupata wasikilizaji wengi. Miaka miwili baadaye baba yake alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na katika hotuba yake Stockholm alimzungumzia mwanawe. Alieleza kuwa katika nyimbo za baadaye za Hikari alisikia kilio na giza ambavyo mtoto huyo hakuwahi kuvitamka. Kwa zaidi ya miaka 30 baba alikuwa amemsemea mwanawe vitabuni. Oe alitangaza kwamba ataacha kuandika riwaya, kwa kuwa Hikari sasa ana sauti yake mwenyewe. Ahadi hiyo haikudumu, kwani mwaka 1999 alichapisha nyingine.

Kuna jambo moja ambalo sherehe hazikulibadilisha. Hikari, mtu mzima mwenye albamu madukani, aliamka kila usiku kwenda chooni, na akirudi kitandani hakuweza kujifunika vizuri. Baba yake alikaa macho hadi saa sita usiku akisoma, akimsubiri arudi, ili amkunjie blanketi vizuri mwilini. Alifanya hivyo kwa miaka mingi, na baada ya hapo ndipo alipokwenda kulala. Oe alifariki Machi 2023 akiwa na miaka 88.